Mimi, Mwalimu Ngui na Ukingo wa Barabara

Jumatatu, 8 Septemba

Habari kubwa! Barabara ya soko itajengwa upya. Si kuzibwa viraka. Upya kabisa, pamoja na njia ya waenda kwa miguu, kuanzia sokoni, kupita mbele ya duka langu la ushonaji, hadi zahanati. Injinia Mwangangi alikuja leo mwenyewe kupima. Kijana mrefu, viatu safi mno kwa kazi yake. Aliniambia kuna mkutano Alhamisi katika ukumbi wa manispaa, na kwamba anataka hasa kuwasikia watu wenye ulemavu.

Hasa! Nilikaribia kusimama.

Sijasimama tangu polio iliponipata nikiwa mtoto. Natumia kiti cha magurudumu, na barabara hiyo naijua kuliko wote walioichora. Upande wa zahanati kuna ukingo wa mawe wa zamani, mrefu, haupandiki. Upande wa soko ndio balaa: ukingo umebaki vipande vipande, mtaro umefunuka, boda boda zimeegeshwa, na Hanif amepanga mabeseni yake ya plastiki hadi yanagusa paa. Kwa hiyo mimi hupita kwenye lami, malori ya mchanga yakinipigia honi mgongoni. Ndani ya soko sijawahi kuingia. Nyanya zangu huchaguliwa na watu wengine, na watu wengine hawajui nyanya.

Sasa nitaomba kitu kimoja tu. Ukingo uondoke! Njia na lami ziwe sawa kama meza. Nishuke popote, nipande popote.

Tatizo moja. Mwalimu Ngui.

Mwalimu Ngui haoni. Alifundisha muziki, amestaafu, na ni mwenyekiti wa chama chetu cha walemavu tangu kilipoanza. Nimewahi kugombea nafasi hiyo. Sitaki kuzungumzia matokeo. Ana sauti ya kujaza uwanja, na akiongea watu hutikisa vichwa kukubali hata kama anataja tu bei ya sukari. Naye anaupenda ukingo! Anataka mrefu zaidi! Husema fimbo yake huufuata kama garimoshi linavyofuata reli. Akisimama Alhamisi, nimekwisha.

Basi asisimame.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango uko tayari. Ni mzuri hata naona aibu kidogo. Kidogo sana.

Nimempigia Mwalimu simu. Nimemwambia mkutano umehamishwa, utafanyika ukumbi wa kanisa kule mlimani. Akanishukuru mno. Akasema kumbe mimi ni mtu mwema, tofauti na watu wanavyosema. Watu gani? Hakutaja.

Layla, ambaye duka lake la manukato na mabuibui limepakana na langu, alisikia yote kupitia ukuta wa mabati. Akaja kuniuliza kama simwogopi Mungu. Nikamwambia Mwalimu atapata matembezi, na matembezi ni afya. Akasema Subhanallah na kurudi kwa chupa zake. Layla ni rafiki yangu wa dhati, lakini siasa hana.

Nimejishonea gauni la mkutano. Bluu, kola nyeupe. Naonekana kama mtu ambaye tayari amechaguliwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Nyuki.

Niandike nini zaidi? Nyuki! Nilifika ukumbi wa manispaa mapema, gauni limenyooka, hotuba iko kichwani. Mlango umefungwa. Mlinzi amejifunika koti hadi kichwani. Akaniambia kundi la nyuki limeingia kwenye dari asubuhi na mkutano umehamishwa. Nikauliza umehamishiwa wapi. Akasema ukumbi wa kanisa, kule mlimani.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Mlima ule si mchezo. Wanaume wawili wa mikokoteni walinisukuma hadi langoni mwa kanisa, na hapo tukakuta ngazi. Wakanibeba mimi na kiti changu kama gunia la mahindi, mmoja akilalamika kwamba hajawahi kubeba gunia lenye maneno mengi hivi. Tulipoingia, Mwalimu Ngui alikuwa anafunga mkutano kwa sala. Sala zake huchosha hata malaika. Leo ilikuwa fupi.

Alifika wa kwanza kwa sababu yangu. Akaongea wa kwanza. Injinia amekubali kila kitu: ukingo mrefu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa popote. Bila kukatwa! Mimi nitaingiaje dukani mwangu? Kwa kamba?

Halafu, kabla watu hawajaondoka, Mwalimu akasimama tena kunishukuru mbele ya wote kwa kumjulisha mapema kwamba mkutano umehama. Watu wakapiga makofi. Nikapunga mkono. Ningefanyaje?

Layla amecheka hadi akalala juu ya vitambaa vyangu.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijashindwa. Nimechelewa tu.

Wazo limenijia nikila muthokoi, mahindi na maharagwe yangu ya jana. Injinia amesikia maneno ya Mwalimu. Maneno ni hewa. Mimi nitampa kiti! Akae yeye mwenyewe kwenye kiti changu, atoke dukani kwangu hadi sokoni, bila kusimama na bila kusaidiwa. Tuone kama atarudi bado anapenda ukingo.

Nimempigia simu. Nilidhani atakataa. Amekubali kwa furaha. Anasema shuleni alikuwa mwanariadha.

Vizuri sana.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeshinda! Niandike yote kwa utaratibu kabla furaha haijanivuruga.

Injinia alikuja na viatu vyake safi. Nikahamia kwenye kigoda cha Layla, chai mkononi, kama mtu aliye kwenye sherehe ya harusi. Akaketi kwenye kiti changu. Akaapa mbele ya mashahidi kwamba hatasimama, litokee litakalotokea. Akaondoka kwa kasi. Watu wakashangilia.

Kasi iliishia kwenye boda boda ya kwanza. Aliomba apishwe. Mwenye boda boda akamwambia apite barabarani, kwani barabara ni ya nani? Akashuka kwenye lami. Lori likampigia honi. Akapanda tena, ila hakupanda, ukingo ulimrudisha, akajaribu tena, kola imelowa jasho. Akafika kwa Hanif. Mabeseni hapa, mtaro pale, katikati upana wa paka. Mwanariadha akaamua kupita.

Gurudumu dogo la mbele lilitangulia mtaroni. Yeye akalifuata.

Mle mtaroni humwagwa maji ya kuoshea sufuria za hoteli. Alitoka na jani la kabichi begani. Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mtu alikuwa amegeuka upande mwingine kucheka.

“Mama,” akaniambia akiwa bado anatiririka maji, “hii barabara inaua.”

“Ndiyo, mwanangu. Ndiyo ninayopita kila siku.”

Akaliondoa jani la kabichi begani. Kisha akasema kwamba hataki tena kusikia neno ukingo. Ataung'oa wote. Njia iwe sawa na lami, kama nilivyotaka. Hata hotuba yangu sikuitoa!

Gurudumu la mbele limevunjika. Nimerudishwa nyumbani kwa mkokoteni. Nilipunga mkono njia nzima.

Jumanne, 16 Septemba

Fundi wa kuchomelea amerudisha gurudumu. Linazunguka. Lakini sasa kiti kinavuta kushoto, na kinalia. Fundi anasema ni suala la kuzoea. Ukitaka kwenda mbele, elekea kulia.

Leo nimeingia dukani kwa Hanif mara mbili bila kukusudia. Mara ya pili aliniuliza kama nataka beseni au ugomvi.

Jumatatu, 22 Septemba

Kipande cha kwanza kimekamilika, kutoka zahanati hadi mlangoni kwangu. Wameng'oa mawe ya zamani na kutandika matofali ya kabro, yakakutana na lami bila hata ngazi ya kidole. Kama meza! Nimeshuka barabarani. Nimepanda. Nimeshuka. Nimepanda. Wateja walisubiri. Mmoja aliniuliza kama ninaumwa.

Kioko, msimamizi wa mafundi, akaniita mama kwa Kikamba, “Mwaitu, utaimaliza kabla haijafunguliwa.” Nikamwambia ajenge, aache wenye njia waitumie.

Mwalimu Ngui alinipigia simu jioni. Ameambiwa. Akaniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia nimefurahi mno. Akasema, haya, vizuri, akakata.

Sikuipenda hiyo vizuri yake. Nilitaka alalamike.

Jumatano, 24 Septemba

Naandika haraka. Mwandiko utavumiliwa.

Asubuhi nilikuwa nakata kitambaa cha sare. Nikainua macho, nikamwona Mwalimu Ngui akija kutoka zahanati, koti lake la kahawia, fimbo nyeupe ikipiga kushoto na kulia. Nilijiandaa kumsalimia kwa upole wa mshindi. Fimbo ikatafuta ukingo. Ikagonga hapa. Ikagonga pale. Hakuna. Akasogea kulia kidogo kuutafuta. Akasogea tena. Mimi nikaona kabla yeye hajajua: alikuwa tayari yuko barabarani.

Nilimwita. Mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inanguruma, hakuna aliyenisikia. Lori la mchanga lilikuwa linateremka. Yeye alilisikia. Akasimama pale pale, fimbo ikapigapiga hewani, na hapo nikauona uso wake. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona Mwalimu Ngui akiwa hajui aelekee wapi.

Sikufikiri. Niliachilia magurudumu. Mlangoni kwangu hapakuwa na cha kunizuia, nikateleza moja kwa moja hadi kwenye lami, mkono mmoja juu, nikipiga makelele ambayo mama yangu hakunifunza. Dereva akakanyaga breki. Lori likalia, likayumba, likasimama karibu hata nikahisi joto la injini usoni. Na kiti changu, ambacho huvuta kushoto, kikavuta kushoto. Kikampiga Mwalimu nyuma ya magoti. Akaniketi mapajani. Mwenyekiti mzima, pamoja na fimbo.

Soko lote liliona.

“Ni nani?” akauliza akihema.

“Ni mimi.”

“Nilijua. Hicho kiti kinalia kama mbuzi.”

“Shuka, Mwalimu.”

“Ngoja kwanza, Syombua. Kwanza niambie lori liko wapi.”

Basi tukakaa hivyo katikati ya barabara. Dereva alishuka akaketi chini karibu na gurudumu lake, akisema pole, pole sana, kana kwamba ni yeye aliyeomba ukingo uondolewe.

Layla alituletea chai ya tangawizi. Mwalimu alishika kikombe kwa mikono miwili. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kwamba kutoka nyumbani kwake hadi zahanati ndiyo njia pekee mjini aliyokuwa akiipita peke yake. Kwingine kote lazima ashikwe mkono. Hapo, kwa sababu ya yale mawe tu, alikuwa akienda na kurudi kama mtu mwingine yeyote.

Nikamwambia hata mimi nataka kuingia sokoni kama mtu mwingine yeyote.

Akasema hakujua sijawahi kuingia. Nikasema hakuwahi kuuliza. Akasema nami sikuwahi kumuuliza. Tumekaa katika chama kimoja miaka yote hii na tumejadili kofia za sherehe, muhuri, na nani akae meza ya mbele. Hili hatukuwahi.

Sikuwa na kosa. Niandike hilo wazi. Kosa lilikuwa la lami. Lakini nimempigia Injinia simu, nikaomba tumwone kesho, mimi na Mwalimu.

Alhamisi, 25 Septemba

Tumekwenda kwa Injinia pamoja, mimi nikivuta kushoto, Mwalimu ameshika mgongo wa kiti akinirudisha kulia. Nakiri tunakwenda sawa sana hivyo.

Tulianza kubishana kabla hatujaketi. Mimi nikasema ukingo usiwepo. Yeye akasema uwepo. Injinia akainua mikono yote miwili. Akatuambia kwamba mwanzoni kabisa alikuwa amepanga ukingo urefu wote wa barabara, na kwenye kila kivuko ukingo ulale chini taratibu, kiti kipite, na pale unapolala kuwe na vigae vyenye vinundu, ili asiyeona avihisi kwa fimbo na nyayo, ajue sasa anaingia barabarani.

Mwalimu akauliza kwa nini hakusema hayo kanisani. Injinia akajibu kwamba alikuwa ameanza kusema, na Mwalimu akafunga kwa sala. Nikacheka. Akanigeukia mimi. Akasema nami alikuja kunieleza dukani, lakini nilimweka kwenye kiti kabla hajafungua mdomo.

Sikuona haja ya kucheka zaidi.

Kwa hiyo vigae vipo, viko stoo. Kipande cha kwanza kitarudiwa. Shida ni upande wa soko. Wenye maduka waliahidi kuondoa bidhaa zao kwenye njia na hawajaondoa hata ndoo. Kioko amesema wazi: ikifika Jumatatu kabla njia haijawa tupu, mafundi wanahamia kazi nyingine upande wa Konza, na sisi tutabaki na nusu barabara. Nusu isiyomfaa Mwalimu, na nusu isiyonifaa mimi.

Mwalimu alipendekeza tuwaandalie wafanyabiashara kikao cha mashauriano. Kikao! Nikamwambia aniachie mimi. Nina mpango.

Akauliza kama una nyuki.

Ijumaa, 26 Septemba

Siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika humu!

Mpango ulikuwa huu. Njia ni ya waenda kwa miguu. Mwalimu ni mwenda kwa miguu. Basi aende! Anyooke katikati ya njia, kama sheria inavyomruhusu, na fimbo yake aipige vizuri, kushoto na kulia, kwa upana wake wote. Mimi nifuate nyuma nikiomba radhi.

Tulingoja Hanif arudi kutoka msikitini, kwa sababu Mwalimu alisema si haki kumwangushia mtu mabeseni akiwa anaswali. Halafu tukaanza.

Nguzo ya kwanza ya mabeseni ilianguka kama jengo. Ya pili ikaifuata. Mabeseni mekundu, ya kijani, ya bluu, yakaviringika barabarani hadi kwa wauza viatu. Hanif akatoka mbio.

“Mwalimu! Kwani huoni?”

“Sioni,” Mwalimu akajibu kwa upole. “Tangu nizaliwe.”

Watu waliokuwa kwenye foleni ya maandazi wakaangua kicheko. Hanif akatazama fimbo, akatazama mabeseni, akaanza kuokota. Nikamwambia pole sana, nikapita juu ya kifuniko kimoja.

Viatu vya mitumba, jozi zikaachana. Mwavuli wa wauza laini za simu. Vikapu vya mayai vilitoroshwa kabla hatujavifikia, mwenyewe akikimbia navyo akituomba tusubiri. Boda boda ziliwashwa zikaondoka zenyewe. Mwalimu alikuwa anaimba! Kwa ile sauti yake ya uwanja, wimbo wa gwaride la wanajeshi. Nilimwambia apunguze, akasema hajawahi kutembea upande huu wa mji bila kushikwa mkono, nimwache aimbe.

Tulipogeuka kurudi, kiti changu kikavuta kushoto, Mwalimu akaja nacho, na fimbo ikaingia kwenye meza ya Layla.

Manukato yote.

Barabara nzima ilinukia udi hadi magharibi. Mbwa wa hoteli alipiga chafya mfululizo. Layla alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Kisha akaishika meza yake mwenyewe, akaiburuta ndani, akatoka tena, akaenda duka hadi duka. Sikusikia aliyowaambia. Niliona mikono yake tu. Jioni ilipofika njia ilikuwa tupu hadi sokoni, tupu kabisa, mtu angeweza kucheza mpira.

Nikaenda kumwomba msamaha. Nikamwambia nitamshonea magauni hadi asahau. Akaniuliza swali moja.

“Syombua, si ungeniambia tu niondoe meza? Ningekataa?”

Kumwambia tu.

Sikuwahi kuifikiria njia hiyo. Ni ya ajabu kidogo, lakini kwa mtu kama Layla naona ingeweza kufanya kazi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Imefunguliwa! Nimerudi nyumbani sasa hivi na sitaki hata kuvua gauni.

Kwanza tuligombana. Mwalimu alitaka apite wa kwanza kama mwenyekiti. Mimi nilitaka nipite wa kwanza kama mimi. Kioko akasema njia ni pana, “si mpite wote wawili, mwaitu, na jua hili?” Alikuwa na haraka ya chakula. Tukapita wote wawili. Nilitanguliza vidole vya miguu.

Sikujua tuko wengi hivi. Walikuja kutoka Kalama, walikuja hata kutoka Kivaa. Wazee wenye magongo. Baba mmoja akimsukuma bintiye aliyevaa viatu vipya ambavyo havijawahi kugusa ardhi. Mama Kalunde wa Kalama, aliyekatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, hakuwa amefika mjini tangu siku hiyo. Alisimama katikati ya kabro akazungusha macho, akasema maduka yamebadilisha rangi. Watu wote hawa walikuwa wapi? Majumbani. Walikuwa majumbani wakingoja mtu awaletee vitu.

Tulipofika kwenye kivuko, magurudumu yangu yalitetemeka kidogo juu ya vinundu. Mwalimu alisimama hapo hapo. Nyayo zake zilikuwa zimekwisha kumwambia. Akatabasamu kama aliyeitwa kwa jina. Mimi nikateremka, taratibu, bila mkono wa mtu mgongoni. Magari yakasimama pande zote mbili. Tukavuka.

Na nikaingia sokoni.

Sitaweza kueleza. Nilidhani ni pakubwa zaidi. Nilidhani ni pazuri zaidi. Kulikuwa na inzi, matope na kelele, na mimi nilikuwa katikati yake! Nikaenda hadi kwenye nyanya. Nikashika moja. Nikairudisha. Nikashika nyingine. Kaluki, mwenye nyanya, akaniuliza kama ninanunua au ninazipima homa. Nikamwambia anipe muda, nina miaka mingi ya kufidia. Mwalimu akainama akanusa, akasema zilizo nyuma ndizo zimeiva. Nikamwambia anuse zilizo zake. Nikachukua za mbele.

Mbili zilikuwa zimeoza. Nilizichagua mwenyewe.

Nililia kidogo. Vumbi lilikuwa jingi, mtu yeyote angelia. Mwalimu hakuona, ila alinipa leso yake, kwa hiyo sijui.

Hanif amenipa beseni la bure la kubebea nyanya. La kijani. Amesema ni la amani, na kwamba duka lake limeuza zaidi tangu watu waweze kulifikia. Nikamwambia nilijua hilo tangu mwanzo. Layla akakohoa.

Chama kimepanga kumpa Injinia cheti. Nimependekeza na mimi nipate.

Jumanne, 21 Oktoba

Injinia amepita dukani leo. Kuna nafasi ya kuweka mabenchi kando ya njia, kila baada ya umbali mfupi, ili wanaochoka wapumzike. Mama Kalunde ndiye aliyeomba. Anasema kwa magongo hawezi kufika zahanati bila kuketi mahali. Mwalimu Ngui ameunga mkono, bila shaka, yeye huunga mkono chochote kinachohitaji sherehe ya kufungua. Injinia atapokea maoni ofisini kwake kesho asubuhi, na mwenye pingamizi aseme hapo.

Mabenchi! Ya nini? Yatapunguza upana wa njia, na mimi sasa nimezoea kwenda kasi. Mtu akitaka kuketi barabarani si aje na kiti chake? Mimi huja na changu kila siku na sijawahi kumsumbua mtu.

Hapana. Lazima Injinia asikie sauti moja, iliyo wazi, kabla ya zingine. Gauni la bluu limenyooshwa. Hotuba iko kichwani. Nitatoka alfajiri niwe mlangoni kwake kabla hajafungua.

Mama Kalunde hutembea polepole.